Asumini na Maiti Aliyetafuna Michembe

Katika Kambi ya Wazee ya Bariadi kazi ya kwanza ya asubuhi haikuwa chai. Chai ilingoja sukari, na sukari mwaka ule wa sabini na saba ilikuwa mgeni anayekuja akipenda na kuondoka bila kuaga. Kazi ya kwanza ilikuwa kuanika betri. Mzee Constantine, aliyewapikia mapadri miaka mingi na kwa hiyo akajihesabu miongoni mwa wasomi, alizitoa betri za redio, akazipanga juani juu ya kipande cha bati, kisha akaketi karibu nazo na fimbo ili kuku wasizichezee. Betri mpya hazikuonekana dukani. Hizo kuukuu zikipata joto la kutosha zilikuwa na nguvu ya taarifa ya habari ya saa saba mchana na matangazo ya vifo baada yake, basi. Muziki wazee wale walikwisha kuusamehe.

Tangazo la mwisho likimalizika, Constantine alizima redio upesi, na shingo zote zikageuka kumtazama Asumini. Hapo ndipo habari yenyewe ilipoanza. Redio ilisema, lakini Asumini ndiye aliyefafanua. TANU na Afro-Shirazi zilipoungana, wazee hawakujua wafurahi namna gani, maana hotuba zilikuwa ndefu. Asumini akauliza nani kati yao katoa mahari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ndege na mabehewa yakaanza kugombaniwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu hawa hawakulelewa," alisema. "Wanagawana urithi kabla ya arobaini." Wazee walicheka mpaka Constantine akapaliwa, na jioni kila mmoja alikuwa anairudia habari ile kwa mwenzake aliyekuwapo pale pale aliposikia.

Asumini alikuwa Mzigua wa Handeni, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye kanga mbili tu na zote safi. Mume wake Gharib alimleta Bariadi akiwa bado binti, juu ya magunia ya chumvi, akafungua duka la nguo na chumvi hiyo hiyo. Mungu hakuwapa mtoto. Gharib alipofariki Asumini aliliendesha duka peke yake, hadi mwaka uliotangulia ilipopita Operesheni Maduka na wenye maduka wakaambiwa wafunge, kwamba duka la kijiji litafanya kazi hiyo. Alifunga. Akakaanga vitumbua stendi hadi magoti yalipomkatalia, ndipo wilaya ikamleta kambini. Watu walitarajia angelia. Alichouliza ni kama kambini kuna Wasukuma wa kutosha, kwa sababu yeye bila mtani chakula hakimshuki.

Akamkuta mzee Mihayo Salu.

Asiyejua aambiwe: Msukuma na Mzigua ni watani tangu enzi za mababu, Wasukuma walipopita Uzigua na mizigo kichwani kwenda pwani, wakagombania maji na wenyeji visimani na kisha, mmoja akianguka njiani, wakazikana. Mtani hukutukana na huruhusiwi kununa. Huchukua kitu chako ukakikomboe. Na siku ya msiba, wakati ndugu wa damu wamekufa ganzi kwa uchungu, mtani ndiye huingia akicheka, akamwigiza marehemu kwa sauti na mwendo wake, akadai malipo, akawarudisha watu duniani. Huo si utovu wa adabu. Ndiyo adabu yenyewe.

Basi kila asubuhi Mihayo alipita mlangoni pa Asumini na fimbo yake, akimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mzigua. Bado hujafa?"

"Mwangaluka, mla michembe. Nakungoja utangulie ukanifagilie."

Na wote wawili wakaanza siku wameridhika. Mihayo alikuwa mtu mrefu aliyepinda, mwenye kiburi cha mfugaji hata baada ya kubaki bila ng'ombe, na mfukoni hakukosa michembe, vile viazi vilivyokaushwa ambavyo Msukuma hutafuna hata akiwa hana jino. Asumini alikuwa akidai kwamba sauti ya kutafuna kwake ndiyo iliyoharibu redio. Mihayo alikuwa akidai kwamba Wazigua ni walaji wa bada tu, ule ugali wa muhogo, na bada ni adhabu. Walikaa benchi moja. Mmoja akiugua, mwingine alikwenda kumtukana kutwa nzima hadi apone.

Jambo moja tu hawakulitania, nalo lilikuwa Mayala. Mayala alikuwa mwana pekee wa Mihayo, aliyehamia Geita na ng'ombe wa baba yake kutafuta malisho, miaka miwili kabla ya watu wa Sapiwi kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Siku lori la kuhamisha lilipofika, Mihayo alikuwa na kichomi na hajitambui. Walimpakia pamoja na kuku, majamvi na milango ya nyumba zao. Kufika Bariadi wakamshusha hospitalini, lori likaendelea na safari. Alipopata fahamu, hakuna aliyejua majirani zake walimwagwa wapi. Vijiji vilikuwa vipya, na majina mapya. Kwao Sapiwi hapakuwa na mtu tena wa kuulizwa. Hospitali ikampeleka kambini.

Angeweza kuuliza zaidi. Miaka mitatu ni mingi, na malori ya pamba hupita kila siku ya msimu. Lakini Mihayo alikuwa amejiambia kwamba mwanawe kamsahau, na mtu mwenye kiburi akishajiambia hivyo hataki tena kuuliza, asije akajibiwa. "Mwenye haja nami anajua niliko," alisema. Hakuna aliyejua aliko, lakini nani angemwambia.

Siku ya Ijumaa moja, msimu wa kuuza pamba, taarifa ya habari ilikwisha, matangazo ya vifo yakaanza. Wazee waliyasikiliza haya kwa heshima na kwa tamaa kidogo, kama wakulima wanavyosikiliza mvua imenyesha kwa nani. Mihayo alikuwa anatafuna.

Msomaji akasema kwamba ndugu Mayala Mihayo wa Geita anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, mzee Mihayo Salu, aliyekuwa mkazi wa Sapiwi, kilichotokea wakati wa kuhamia vijijini. Matanga yatavunjwa kesho Jumamosi nyumbani kwa ndugu Luhaga, Kasoli. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Constantine alisahau kuzima redio. Betri zikaliwa bure na tangazo la mtu wa Songea.

Wote walimtazama Mihayo. Mihayo alikuwa ameacha kutafuna, shavu moja limevimba. Asumini ndiye aliyepata sauti kwanza, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Pole kwa msiba," alimwambia. "Na toa hiyo michembe mdomoni. Marehemu hali."

Benchi zima liliangua kicheko. Constantine akaondoa kofia, akasema marehemu alikuwa mtu mwema ingawa aliiba tumbaku yake. Bibi mmoja akajifanya kupiga yowe. Na wakaendelea hivyo kwa muda, wakimsifu maiti aliyeketi kati yao. Mihayo naye alicheka. Kisha akainuka, akashika fimbo yake, akaenda nyuma ya jengo, na hakurudi hata wakati wa uji.

Asumini alimkuta ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, uso ameuelekeza ukutani. Akaketi chini karibu naye, magoti yakilalamika.

"Kesho tutakwenda Kasoli," alimwambia. "Malori yanakwenda kubeba pamba."

"Siendi."

"Kwa nini? Unaogopa watakudai mchango wa matanga?"

Mihayo hakucheka. "Luhaga alikuwa jirani yangu. Aliniona nikishushwa mdomo wazi, akajua ndio basi, akamwambia mtoto hivyo. Simlaumu. Lakini sasa wamenililia, Mzigua. Mtoto amenyoa kichwa. Wakishamlilia mtu, kifo kiko pale matangani kinangoja chake. Mimi nikiingia na miguu yangu, kitasema huyu nimemkosa, kitamchukua aliye karibu. Msiba hauondoki mikono mitupu. Kitamchukua Mayala." Akavuta pumzi. "Wacha nife tu huko Kasoli. Yeye aendelee kuishi."

Tuseme kweli, maana Asumini mwenyewe hakuificha alipokuja kusimulia: alipoyasikia maneno yale, kitu cha kwanza kilichomwingia moyoni kilikuwa nafuu. Ijumaa ile alikuwa ameshaiona Jumamosi, Mihayo akiketi kati ya watu wake, mwanawe akimpeleka Geita, ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo bibi wa magoti mabovu hafiki. Alikuwa ameliona benchi. Constantine ni mtu mzuri lakini ukimtania anaeleza. Na sasa hapa Mihayo mwenyewe anasema haendi, kwa sababu za kwao, sababu za heshima, ambazo hata mtu wa mila hangezipinga. Asumini hakuhitaji kumshawishi. Alihitaji kunyamaza tu, na matanga yangevunjwa kesho, Mayala angerudi kwake ameridhika kwamba amemlilia baba yake, na asubuhi baada ya asubuhi fimbo ingegonga mlangoni. Mwangaluka, Mzigua, bado hujafa?

Alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza maishani.

Mihayo ndiye aliyesema. "Ulisikia, lakini? Alisema mpendwa."

"Nilisikia."

"Hilo neno," akauliza, huku akikwaruza chini kwa ncha ya fimbo, "watu wa redio huliweka wenyewe kwa kila mtu? Au ni mtu mwenyewe analileta?"

Asumini alijua jibu. Alipofiwa na Gharib alisimama dirishani posta kupeleka tangazo kama lile, na yule karani alimhesabia kila neno, akamshauri ayapunguze. Angeweza kumwambia Mihayo kwamba wanaliweka wenyewe, kwamba wote wanaokufa Tanzania hii hufa wapendwa. Ingekuwa uongo mdogo sana.

"Analileta mwenyewe," alisema. "Na analilipia. Kila neno lina bei yake."

"Kwa hiyo angeweza kuliacha."

"Angeweza. Baba yake tu ingetosha."

Mihayo akaangalia ukuta. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta wala hakuyaficha, mzee yule mwenye kiburi. Asumini alimtazama na akajua kwamba ameshampoteza, na kwamba amempoteza kwa mdomo wake mwenyewe, mdomo usiojua kukaa kimya.

"Sasa nisikilize, mla michembe," alisema. "Unaogopa kifo kilicho mlangoni. Sawa. Wewe huingii kwanza. Naingia mimi. Mimi ni mtani, msiba ni shamba langu. Wewe ni mali yangu tangu leo, nimekuteka, nao watakukomboa kwangu kwanza kabla hujakanyaga kwao. Kifo kikidai chake, kiambiwe kimeshalipwa."

"Hiyo ipo kwenye mila?"

"Wewe umewahi kurudi kutoka kwa wafu mara ngapi hata ujue mila yake?"

Mihayo alifikiri. "Na kama watakimbia?"

"Hawatakimbia. Niachie."

Asubuhi Justina, dada aliyewekwa na wilaya kuwatunza wazee, aliwakuta getini wamevaa vizuri, akauliza safari ya wapi.

"Msibani," Asumini akajibu.

"Poleni. Nani amefariki?"

"Huyu hapa."

Justina aliwatazama, akaona ni mambo yao ya siku zote, akawapa ruhusa hadi jioni. Athumani, dereva wa lori la pamba, aliwapandisha mbele wote wawili, akasema hawezi kumweka mfiwa nyuma. Njiani mashamba yalikuwa yamevunwa, miti mikavu ya pamba ikingoja kung'olewa na kuchomwa, na hapa na pale nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye vichaka kando ya barabara. Mihayo aliangalia vyote kama mtu anayehakikisha.

Kasoli walishuka ghalani, mahali pamba inapopimwa. Nyumba ya Luhaga ilionekana kutoka pale, mojawapo katika mstari ulionyooka wa nyumba za kijiji kipya, na watu wengi wamekaa kivulini kando yake. Asumini alimkalisha Mihayo nyuma ya marobota, akavua kanga yake ya juu, akamfunika kichwa hadi magotini.

"Ukikohoa nakuacha hapa," alimwambia.

Kisha akajifunga kibwebwe, akaenda msibani.

Alianza kulia mbali, kile kilio cha uongo cha watani ambacho kila mtu anakijua, kirefu, chenye madoido. Watu waligeuka. Mwanamke mgeni, bibi, mavazi ya Kiswahili, anakuja akitupa mikono. Kufika mbele yao kilio kikakatika ghafla.

"Wasukuma nyinyi," alisema, "ubahili wenu mwisho wake wapi? Mnafanya matanga bila maiti?"

Mzee mmoja akatabasamu kabla hajajizuia. "Mzigua huyo," alinong'ona kwa mwenzake, na neno likaenda, Mzigua, Mzigua amekuja, na migongo iliyopinda tangu alfajiri ikanyooka. Msiba umepata mtani. Alimwinua mtu kwenye kigoda akakikalia yeye. Akaonja maharage, akauliza kama chumvi nayo imehamishwa na operesheni. Akamwona mwanamume wa makamo aliyekaa peke yake karibu na mlango, kichwa kimenyolewa, macho mekundu, mabega ya Mihayo kabisa, na moyo wake ukamwuma. Lakini kazi ni kazi.

Akainuka, akachukua fimbo ya mtu, akapinda mgongo. Akatembea. Mguu wa kushoto ukaburuzwa kidogo, kidevu kikanyanyuliwa kwa dharau, taya ikaanza kusaga kitu kisichokuwapo. "Mwenye haja nami," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "anajua niliko."

Watu walicheka, wakasema ndiye, ndiye kabisa. Kisha vicheko vikapungua kimoja kimoja, kwa sababu waliomjua Mihayo wa Sapiwi walikumbuka kwamba yule alitembea wima. Huyu mzee anayeburuza mguu wa kushoto, mwenye mgongo ule, walikuwa hawajamwona. Mayala alikuwa amesimama.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "baba ulimjulia wapi?"

Asumini akairudisha fimbo kwa mwenyewe. "Mwanangu, mtani hudanganya tangu asubuhi hadi jioni na hakuna anayemshika. Sasa nataka kusema kweli mara moja, nanyi mnishike. Ninaye mtu wenu. Nimemteka. Nitamleta hapa, na sheria ni moja: asikimbie mtu. Atakayekimbia namtoza mbuzi."

Hakungoja jibu. Alikwenda nyuma ya marobota, akamshika Mihayo mkono, wakaja polepole, Asumini mbele, kanga nyuma. Ua wa minyaa kuzunguka nyumba ya Luhaga ulikuwa bado mchanga, unafika kwenye vifundo vya miguu. Alimpitisha juu yake badala ya kumpitisha langoni, ili kama kuna kitu kinangoja langoni, kiendelee kungoja. Akamfunua.

Wanawake walishikana. Mtoto alianza kulia, akazibwa mdomo. Na katika watu wote wale aliyekimbia alikuwa mmoja, Luhaga, mwenye nyumba, shahidi aliyeapa kwa macho yake mawili; alipita katikati ya vyungu, akaingia ndani, wakasikia komeo.

"Mbuzi mmoja," Asumini akasema.

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha ajabu, nusu yake kilio. Hakuna aliyekimbia tena. Mihayo alikuwa amesimama pale akimtazama mwanawe, na mwanawe akimtazama yeye, na wote wawili hawakujua nani aanze.

"Nani amekunyoa vibaya hivyo?" Mihayo aliuliza.

Mayala akaanguka chini, akamshika baba yake miguu yote miwili, akaipapasa kwa viganja, juu na chini, kama mtu anayepapasa ndama aliyedhani kaliwa na fisi. Alilia kwa sauti kubwa bila haya, mtu mzima mwenye watoto. Alisema aliandika barua Sapiwi. Alisema aliuliza hadi mwaka ule alipompata Luhaga. Alisema na yeye alidhani baba amemkasirikia kwa kuondoka na ng'ombe. Mihayo aliweka mkono juu ya kile kichwa kilichonyolewa na kuuacha pale pale.

Alasiri ilipita kwa kula. Maharage yaliyopikwa kwa matanga yaliliwa kwa sherehe, na hakuna aliyelalamika chumvi. Luhaga alitoka baadaye, akamleta mbuzi mwenyewe, akakabidhi kwa mikono miwili, na Asumini akatamka mbele ya wote kwamba maiti amekombolewa, deni limekwisha, atakayekuja kudai tena amdai yeye. Wazee wa mila walitazamana. Hakuna aliyekuwa na hakika kama ndivyo inavyofanyika, lakini hakuna pia aliyependa kubisha.

Mayala akasema ataondoka na baba yake kwenda Geita siku lori litakapopatikana. Ng'ombe wapo, maziwa yapo, wajukuu hawamjui babu yao. Alimpigia Asumini magoti akamshukuru. "Wabeja, mayu. Wabeja sana." Asumini alimwinua, akamwambia amtafutie mzee meno, kisha akasema magoti yanamwuma, anatafuta pa kukaa.

Athumani alipopiga honi, Mihayo alimsindikiza. Walikwenda polepole, mbuzi kwa kamba, hatua zao mbili mbovu zikilingana vizuri. Lori lilikuwa limejaa pamba hadi juu. Mihayo alisimama, akavua kofia. Akatoa mkono.

"Dada Asumini," alianza, "nakushukuru kwa yote uliyo..."

"Nyamaza," Asumini alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Usiniage kwa adabu, Mihayo. Nakuomba. Ukinisemesha kwa adabu nitajua ndio mwisho."

Mihayo aliangalia pamba, akaangalia mbuzi. Kisha akakinyanyua kidevu kama zamani.

"Mzigua mbaya wewe," alisema. "Mla bada. Kelele zako ndizo zilizonifufua, nilikuwa nimelala vizuri. Ole wako ufe kabla sijapata nauli ya kuja kukucheka."

"Hivyo," alisema Asumini. "Hivyo ndivyo vizuri." Akapanda.

Lori lilikwenda. Athumani aliendesha, mbuzi akiwa miguuni mwake na kumharibia sakafu. Alipomtazama bibi yule aliona machozi yanatiririka hadi shingoni, hayana sauti, nayo kanga haitoshi kuyafuta.

"Pole sana, bibi," alisema. "Naona mzee mwenzio amebaki na wafiwa. Marehemu alikuwa nani wenu?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Walikosea. Mtu wao yuko hai, amerudi kwa mwanawe."

Athumani akafurahi. Alipiga usukani kwa kiganja, akasema Mungu mkubwa, habari njema kama hii hata redioni hazisikiki. Kisha akamtazama tena.

"Sasa mbona unalia?"

Asumini alitafuta la kumjibu, la kuchekesha, kama alivyozoea. Halikuja.

"Alikuwa wangu," alisema.